Mombasa hadi Marafa (Nyari) kwenda na kurudi siku moja, na mama mzee ndani, yawezekana?

Binti wa Kisauni

Hamjambo wenzangu, naombeni ushauri kabla sijatuma pesa za watu. Dadangu amekuja likizo kutoka Doha, alipewa wiki mbili tu na moja ishaishia kwa kutembelea jamaa, sasa anasema harudi kazini bila kuiona Marafa, lile bonde la nguzo za mchanga kule nyuma ya Malindi, maana kule kila siku wanamuuliza kwenu kuna nini zaidi ya bahari. Kuna kampuni moja hapa mjini inapeleka watu kwa vani, mnaondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mnapitia magofu ya Gede, halafu nguzo ya Vasco da Gama pale Malindi, mnakula, kisha Marafa mnafika saa nane mchana hivi mkae saa moja, mshike njia mrudi.

Tuko sita. Mimi na mume wangu, dadangu, watoto wawili wa miaka 7 na 11, na mamangu ambaye ana miaka 71 na magoti yake si mazuri. Mama ni Mgiriama wa Kaloleni na jina la Nyari analisikia tangu mdogo kwa nyanya yake lakini hajawahi kufika hata siku moja, kwa hivyo kumwacha nyumbani haiwezekani kabisa, afadhali safari yote ivunjike. Nataka kujua kama kuna kitu ataona bila kushuka kule chini, na kama watoto wataweza, na kama hii ratiba ni ya kweli au ni ya kwenye karatasi tu. Wanataka nusu ya pesa kufikia Alhamisi. Asanteni sana.

Mama Wawili

Dadangu soma hii kabla hujatuma hata shilingi. Hiyo saa nane mchana ndiyo iliyonitoa mimi machozi.

Mwaka jana mwezi wa tatu tulikwenda na watu kama hao, jina siwataji, ratiba yao ilikuwa hiyo hiyo yako, Gede asubuhi kukiwa baridi na Marafa mchana jua likiwa utosini. Tulifika saa saba na nusu. Dereva akasema tusipoteze wakati kumtafuta mtu wa kututembeza pale getini, njia yeye anaijua. Maji tulikuwa na chupa ndogo moja kila mtu na nyingi zilikuwa zishafika nusu. Sasa kule chini si kama juu, jua linakupiga kichwani na zile kuta nazo zinakurudishia joto kutoka ubavuni, ni kama umesimama katikati ya tanuri la mkate, na hakuna upepo hata kidogo. Mwanangu wa kiume alikuwa amevaa champali, mchanga ukawa unamuingia unamchoma kila hatua, mara nikaona damu inamtoka puani. Kivuli chote kilichokuwepo kilikuwa upana wa kanga moja, chini ya ukuta, tukajibana hapo watu watano, dereva amekwenda mbele anatafuta pa kutokea na harudi.

Aliyetutoa ni kijana wa pale kijijini aliyetuona kutoka juu. Alishuka na mtungi wa maji, akammwagia mtoto kichwani, akambeba mgongoni akatupitisha njia fupi ambayo tulikuwa tumeipita mara mbili bila kuiona. Kijana yule hakuwa amelipwa na mtu yeyote. Mimi sisemi usiende, pahali ni pazuri mno na nilirudi tena mwezi wa nane nikafurahi. Lakini usiende saa hiyo, na usikubali kushuka bila mwenyeji.

Dereva wa Njia Ndefu

Dada Binti wa Kisauni, hiyo ratiba mie naijua kwa nini imekaa hivyo, ni rahisi kwa dereva, anasimama kila kituo anachokutana nacho njiani akipanda, akirudi ni moja kwa moja hadi nyumbani. Lakini si rahisi kwa abiria. Waambie waigeuze. Marafa iwe ya kwanza na Gede iwe ya mwisho.

Hesabu yake ni hii. Mombasa hadi Malindi ni kama kilomita 120, halafu kutoka Malindi hadi Marafa ongeza 30 na kitu mpaka 40 inategemea njia mliyoshika. Shida si umbali, shida ni Mtwapa. Ukiwa hujaivuka Mtwapa kabla ya watu wa kazi kuamka basi siku yako ishaharibika, na ile barabara wanaipanua kwa hivyo malori yako kila pahali. Ondokeni saa kumi na nusu alfajiri, watoto waendelee kulala garini. Kilifi mnafika kunaanza kupambazuka, wa kuswali anaswali hapo, mnavuka daraja mnauona mkono wa bahari chini unaanza kung'aa. Malindi saa moja. Msikae kunywa chai mezani, chukueni mahamri na mbaazi mle garini, songeni mbele mvuke mto Sabaki, mtaona maji yalivyo ya udongo kama chai ya maziwa, mkishaacha lami ni vumbi jekundu kwa hivyo fungeni madirisha. Saa mbili na robo mko getini.

Hapo mna saa mbili nzuri kabla jua halijakaza. Saa nne na nusu mtoke, Malindi mle samaki na mama anyooshe miguu, nguzo muione, halafu Gede saa tisa alasiri ambapo kuna miti mikubwa na kivuli chake, mtu hachoki. Saa moja usiku mko Kisauni. Nimeipeleka safari hii hivyo zaidi ya mara kumi na sijawahi kusikia abiria akilalamika ila kwa kuamka mapema.

Kama hawataki kuigeuza na nyinyi mko sita mmekodi vani nzima, tafuteni mwengine.

Mwana Magarini

Mie nimezaliwa huku na nyumbani ni mwendo wa miguu kutoka ukingoni, kwa hivyo nitajibu la mama kwanza kwa sababu ndilo lenye uzito.

Mama ataona. Tena ataona vizuri. Watu wengi wanadhani lazima ushuke, la, ukishatoka getini unatembea kidogo tu juu kwa juu ukingoni, pako sawa, na pale unasimama bonde zima liko chini yako, nguzo zake na vichuguu vyake vyote, weupe, waridi, rangi ya chungwa mpaka wekundu wa matofali. Mpelekee kiti cha kukunja na mwavuli wa jua, mkaeni kwenye kivuli cha mti, asogee akitaka. Kushuka chini kuna vidato vya udongo na mawe na pahali pengine ni mteremko mtupu, mtu wa magoti asijaribu, kwenda ni rahisi lakini kupanda ndiko kunakovunja. Watoto wa 7 na 11 wanaweza ikiwa wana raba zenye meno. Mvua ikiwa imenyesha jana yake msishuke hata kidogo, ule udongo unakuwa kama sabuni, na mifereji ile yote ndiyo njia ya maji.

Sasa kuhusu jina. Wageni waliliita Jiko la Jehanamu kwa ajili ya lile joto analolisema Mama Wawili, na vibao vingi ndivyo vilivyoandikwa, lakini sisi tunaita Nyari, yaani pahali palipojivunja penyewe. Na jina hilo lina ukweli wake hata ukimuuliza mtu wa sayansi. Palikuwa na kilima cha mchanga ulioshikana ukawa jiwe laini, mvua na upepo vikakila, mwaka kwa mwaka, mpaka kikabaki hivyo mnavyokiona. Wekundu ni chuma kilichomo ndani ya mchanga, kinashika kutu kama linavyoshika bati la nyumba. Na hakujaisha, bado kunaliwa. Kuna njia nilizopita nikichunga mbuzi utotoni leo ni hewa tupu. Ndiyo nawaomba sana sana, msikwaruze majina kwenye kuta. Jiwe lile ni laini, ukucha unaandika, na jina lako likiingia pale maji nayo yanapata pa kuanzia.

Hadithi yetu wazee wanaihadithia hivi. Palikuwa na watu matajiri, ng'ombe wao hawahesabiki, maziwa yakawa mengi mpaka wakawa wanayaoga badala ya maji, na majirani zao wana njaa wanawatazama. Mungu akakasirika, mji ule wote ukazama usiku mmoja. Weupe mnaouona ni yale maziwa, wekundu ni damu ya ng'ombe. Wengine wanaihadithia vyengine, kwamba wanakijiji walionywa mapema wahame kwa sababu patatokea muujiza, wakahama wote isipokuwa bibi mmoja aliyekataa kuiacha nyumba yake. Mie naomba kwa heshima mkifika muache mtembezaji aisimulie yote mpaka mwisho, msimkatize ili mpige picha. Ile hadithi ndiyo nusu ya safari.

Kiingilio mnalipa pale pale, mwenyeji halipi sawa na mgeni kwa hivyo bebeni vitambulisho, daini risiti. Na kijana wa kuwatembeza mpeni chake mkononi mwake, isiwe dereva kasema atampa. Pesa hiyo inabaki kijijini, inalipa karo.

Na kama mama ni Mgiriama basi mwambieni njia mnayopita ni ya Magarini, nchi ambayo Mekatilili wa Menza, yule mama aliyewaongoza Wagiriama kuwapinga Waingereza, amezikwa, kaburi lake liko Bungale. Mama atajua kwa nini nimemtaja.

Kijana wa Kalenga

Habari za huko Pwani. Mimi nipo Iringa, sijafika Marafa ila nikiangalia picha zake naona kama ndugu yake Isimila yetu. Kutoka Iringa mjini ni kama kilomita 20 tu njia ya kwenda Mbeya, kuna nguzo za mchanga zimesimama juu kabisa na wewe unapita chini yake kwenye korongo, na tofauti ni kwamba kwetu chini hapo kumeokotwa zana za mawe za watu wa kale, mashoka ya mkono, wataalamu walichimba miaka ya 1957 na 1958 na zingine bado zipo palepale ardhini unaziona kwa macho. Ushauri wa wadau hapo juu kuhusu muda ni sahihi kabisa hata kwetu, nenda asubuhi au jioni, mchana rangi zote zinakufa, picha zinatoka nyeupe tupu. Na mtembezaji wa pale pale hakosi kitu cha kukuonyesha ambacho ungekikanyaga tu ukapita.

Mkija Iringa karibuni, Isimila na Kalenga kwa Mkwawa, chifu wa Wahehe, mnazimaliza siku moja bila haraka.

Mwalimu Mstaafu

Naunga mkono kuigeuza safari lakini nina ombi langu. Gede msiipite kama choo cha njiani. Hawa wenye vani wanawapa watu dakika 30 pale halafu wanapiga honi. Mji ule ulijengwa kwa mawe ya matumbawe, una msikiti, una kasri, una visima, nyumba zilikuwa na vyoo vyake ndani, na kwenye uchimbaji ulioanza 1948 vilitoka vyombo vya kaure vya Uchina. Halafu watu wakauacha karne ya 17, msitu ukaufunika. UNESCO imeuingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia 2024, na mimi siku hiyo nililia kama mtoto kwa sababu nimepeleka wanafunzi pale tangu tukiona paka na nyani tu.

Na mkisimama kwenye nguzo ya Vasco da Gama waambieni watoto kwamba Mreno huyo alifika 1498, lakini Malindi ilikuwa ishapeleka twiga kwa mfalme wa Uchina tangu 1415. Twiga, kwa jahazi na kwa merikebu, hadi Uchina. Mtoto wa miaka 7 hatalisahau hilo.

Binti wa Kisauni

Jamani sijui niwashukuru vipi, nimesoma zote kwa sauti hapa sebuleni na nilipofika kwenye jina la Mekatilili mama akasema simamisha hapo, rudia. Nimeipigia ile kampuni, mwanzo walikataa wakasema ratiba ni ratiba, nikawaambia basi nirudishieni jina langu, baada ya dakika ishirini wakanipigia wao, wamekubali saa kumi na nusu na Marafa ya kwanza. Pesa nimetuma leo. Swali la mwisho, Mwana Magarini, kuna watu wananiambia asubuhi haina maana, raha yote ni jua likitua. Ni kweli?

Mwana Magarini

Sitakudanganya, jioni ndipo pazuri zaidi. Ikifika saa kumi na moja na nusu zile kuta zinakuwa kama makaa yaliyopulizwa, na jua likigusa tu miti ya upande wa pili wote mnanyamaza. Nikiwa na mgeni wangu mwenyewe namleta jioni na analala Malindi. Lakini nyinyi mna mzee na watoto na lazima mrudi Mombasa, na kurudi usiku na ile njia yenye malori mie sikushauri. Asubuhi rangi zipo, zimetulia tu, na hewa ni baridi. Endeni asubuhi. Jioni mtakuja siku nyengine dadako akirudi.

Mama Wawili

Maji. Lita mbili kila mtu, na mengine yabaki garini. Raba, si champali. Na kofia.

Binti wa Kisauni

Nimerudi kuwapa habari, tulikwenda Jumamosi.

Mtwapa tulipita kama hakuna watu duniani. Kilifi kulikuwa kunapambazuka kweli kama ulivyosema kaka Dereva. Tulifika getini saa mbili na dakika ishirini, tulikuwa wa kwanza, hakukuwa na vani nyengine. Mama tulimpeleka polepole mpaka ukingoni na kiti chake, alipoona akashika mkono wangu akaubana, hakusema kitu muda mrefu, mie nikadhani magoti yanamuuma kumbe la.

Kijana aliyepewa kututembeza alimsalimia kwa Kigiriama na hapo mambo yakabadilika. Mama akamuuliza wewe ni mbari gani, mwana wa nani, wakafika mahali wakajuana kwa upande wa mama yake. Kijana alipoanza ile hadithi ya maziwa mama akamsikiliza mpaka mwisho, halafu akamwambia mie nyanya yangu alinipa ile ya yule bibi, na akaisimulia. Alikuwa na maneno ambayo kijana hajawahi kuyasikia, kwamba bibi yule hakukataa kwa ukaidi, alikuwa ana mjukuu mgonjwa ndani hawezi kubebwa usiku, na kwamba kuna wimbo alimwimbia. Mama akauimba. Mamangu huyu ambaye hata kanisani haimbi kwa sauti. Kijana akamwomba auimbe tena akaurekodi kwa simu, dadangu amesimama pale analia tu na mie vile vile.

Sisi wengine tulishuka. Watoto waliweza, yule mdogo alishikwa mkono kwenye ule mteremko wa pili. Kule chini unapita kati ya kuta nyembamba unaweza kuzigusa zote mbili kwa pamoja, ukitazama juu unaona ukanda wa mbingu tu, na kila unapoigusa inabaki unga wa waridi mkononi. Saa nne jua lilianza kukaza nikaelewa kabisa kilichomkuta Mama Wawili, tukapanda. Tulipotoka ndiyo tukaona vani ya kwanza ya mchana inaingia na watu wazima wamevaa champali, mume wangu akaenda akaongea na dereva wao na tukawaachia katoni letu la maji lililobaki.

Gede tulikaa saa moja na nusu, Mwalimu. Mwanangu mkubwa alihesabu visima. Na stori ya twiga ishafika shuleni, mwalimu wake kaniuliza kama ni kweli.

Dadangu amesafiri jana usiku. Kijana tulimpa chake mkononi.

Mwana Magarini

Kijana huyo ni mwana wa shangazi yangu. Ile sauti ya mama ameileta nyumbani jioni ile ile tukaisikiliza tukiwa tumekaa uani, wakubwa kwa wadogo. Kuna bibi mmoja hapa, mkubwa kuliko mama yako, aliyeumalizia wimbo kwa ubeti ambao mama hakuuimba. Anauliza huyo nyanya yake mama alikuwa mbari gani na aliolewa kutoka wapi. Muulize, na mpe shikamoo zetu, halafu nijibu hapa hapa, bibi anangoja.